Kopo la Sjur

Barua ya kiwanda cha jibini imekuja na lori la maziwa,
imekunjwa mara mbili, ina duara la kikombe cha dereva.
Mafuta: sawa. Protini: sawa.
Urea: kumi na moja,
na chini yake mstari mwekundu.

Machi ilikuwa saba, Aprili saba na kitu.
Sasa ni Juni, bonde la Jostedalen limefunguka,
theluji imerudi juu kwao,
na majani ya mibetula ni mabichi hivi kwamba
mbuzi wanayala wamefumba macho.
Nyasi changa, nikajiambia. Lawama ni ya nyasi.
Nikaibandika barua kwenye friji, nikaenda kukamua.

Alhamisi akaja Ingerid, mtaalamu wa malisho,
binti wa juzi tu, buti zake bado zina lebo.
Akatia mkono kwenye majani makavu, akanusa,
akauliza yalikatwa lini, nani amezaa mara ya ngapi,
maji wanakunywa wapi,
sampuli ni ya asubuhi au ya jioni.
Kisha akapindua ndoo, akaikalia, akanieleza tumbo la mbuzi:

"Ni jiko, Gudveig. Wapishi ni vijidudu, hawahesabiki.
Umewaletea maharage magunia kwa magunia,
kuni umewapa kijiti.
Maharage hayaivi. Yanachacha, yanatoa amonia,
na amonia inapenya damuni.
Ini ndilo linaloamka usiku kufagia,
linaigeuza urea ili isiue.
Nyingine inatoka na mkojo,
nyingine inapita kiweleni, inakuja kwenye ndoo yako
bila rangi, bila harufu,
namba tupu ya kukusema."

Nikacheka. Nikasema maini yangu mwenyewe
yamekatika tangu majira ya baridi
na hakuna kiwanda kilichoniandikia.
Hakucheka. Akauliza, "Soya unapimia nini?"

Kopo la kahawa, la bati, lenye kovu ubavuni.
Sjur, kaka yangu, alilikwaruza alama kwa ndani:
mpaka hapa, basi.
Miaka thelathini na mmoja tulilisha pamoja,
yeye asubuhi, kopo moja kila kihori,
mimi jioni, kopo moja.
Hatukuwa watu wa maneno.
Januari moyo wake ulisimama kwenye ngazi ya ghala,
ngazi ya nne, glovu moja mkononi.

"Na sasa unalishaje?"
Nikamwonyesha kwa mkono, maana mkono ndio unaojua.
Asubuhi: hili la kwake.
Halafu hili langu.
Jioni: hili langu.
Halafu
mkono ukabaki hewani na kopo.

Miezi mitano mbuzi arobaini na wawili
wamekuwa wakila posho ya marehemu.
"Majani makavu yalikuwa maskini," akasema Ingerid taratibu,
"yakakutunzia siri. Nyasi za Juni hazina adabu hiyo."
Akainama kufunga kamba za buti
zilizokuwa zimefungwa tayari.

Basi, tumepunguza. Kopo moja, na juu yake
shayiri iliyopondwa. Kuni hizo.
Malishoni nawatoa saa nane mchana,
jua likiwa limekwisha kutia sukari majanini.
Nimenunua kalenda, naweka alama kila nikilisha,
kama mtoto anayefundishwa dawa.

Barua ya Julai: nane nukta mbili.
Mstari mwekundu haupo.
Ila Dokka, yule mzee wa pembe moja, kapimwa peke yake,
bado yuko kumi na nusu,
na Ingerid ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi:
Sielewi. Labda ndivyo alivyo.

Mimi naelewa. Sijamjibu.
Asubuhi wenzake wakishatoka
Dokka hubaki chini ya ngazi ya ghala,
anatazama juu, ananitazama mimi, anatazama juu,
na mkono, ule unaojua,
huchota.